Boti ya kukodisha kwa wavuvi wa ndoano Bwawa la Mtera: vibali vinaanzia wapi?

Chigongwe1

Mbukwenyi wadau. Nipo Dodoma mjini. Nina mpango wa kuweka boti moja Mtera, upande wetu huu wa Dodoma, nikodishe kwa watu wanaopenda kuvua kwa fimbo na ndoano. Si uvuvi wa nyavu wala wa kuuza samaki. Wateja ninaowalenga ni wafanyakazi wa hapa mjini mwisho wa wiki na wageni wanaopita kwenda Iringa na Hifadhi ya Ruaha.

Nafikiria boti ya faiba ya futi 18 au 19, upana futi 6, abiria wanne, nahodha na msaidizi. Kuna mtu anauza iliyotumika, ananisukuma nilipe wiki hii.

Maswali:
1. Vibali ni vipi na vinafuatana vipi? Kila ninayemuuliza anataja ofisi yake.
2. Injini ya farasi 15 inatosha au niende 40?
3. Gati nijenge wapi?

Anayejua kwa undani anisaidie, mtaji wenyewe ni wa mara moja.

---

Mzee wa Mialo

Mbukwa ndugu yangu. Kwanza usilipe hiyo boti wiki hii. Nakueleza sababu.

Chombo unachotaka kinaangukia sheria mbili kwa wakati mmoja, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Kwa kuwa ndoano zinashuka majini kutoka ndani yake, ni chombo cha uvuvi, kinatambuliwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 na Kanuni zake za 2009. Kwa kuwa kinabeba watu waliolipa nauli, ni chombo cha abiria, na usalama wake unasimamiwa na TASAC, yaani Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Mtu anakata leseni ya uvuvi, anafurahi, siku ya doria anaulizwa cheti cha ukaguzi wa chombo cha abiria hana. Au ana cheti cha TASAC, halafu abiria wanakutwa na samaki kwenye boti isiyo na leseni ya uvuvi. Kila ofisi uliyoiuliza ilikujibu kweli, ila nusu ya kweli.

Mfuatano usiokurudisha nyuma ni huu.

Anza na jina la biashara BRELA, kwa mtandao. Andaa namba yako ya NIDA. Kisha TIN ya biashara TRA na makadirio ya kodi. Vyote viwili vinawezekana bila kugusa maji.

Halafu nenda mwaloni, kabla ya halmashauri. Onana na uongozi wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi shirikishi wa rasilimali za uvuvi cha mwalo utakaotumia, pamoja na serikali ya kijiji. Omba kutambuliwa kwa maandishi, na kama unahitaji sehemu ya kuegesha boti au kujenga banda, ombi lako lijadiliwe kwenye kikao na uondoke na nakala ya muhtasari. Ardhi ya ufukwe pale ni ya kijiji. Mazungumzo ya mdomo na mwenyekiti mmoja hayana uzito chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Barua ya mwaloni pia ndiyo itakayokuonyesha upo halmashauri ipi. Mtera imegawanywa kati ya Dodoma na Iringa na inagusa zaidi ya halmashauri moja. Ukisajili upande huu halafu ukaegesha Migoli, upande wa Iringa, utakuwa na maswali ya kujibu.

Ukiwa na barua hiyo, mwone afisa uvuvi wa halmashauri. Vyombo vya chini ya mita 11 leseni zake hutolewa na halmashauri. Cha kwako kina kama mita 5.5, hivyo huhitaji kwenda kwa Mkurugenzi wa Uvuvi. Chombo kinasajiliwa kwanza, kinapewa namba inayochorwa pande zote mbili za omo (mbele ya boti), ndipo leseni inakatwa. Leseni huisha tarehe 31 Desemba hata kama umeikata Oktoba. Ukianza mwisho wa mwaka, panga utalipia tena Januari.

Mwambie afisa wazi kwamba wateja wako watavua wenyewe kwa burudani. Leseni ya boti haimfuniki abiria anayeshika fimbo. Waulize utaratibu wa leseni kwa kila mvuaji, uweke gharama hiyo ndani ya bei ya safari, na majina yachukuliwe siku moja au mbili kabla. Mteja akifika saa 12 asubuhi Jumamosi hakuna ofisi iliyo wazi.

TASAC: wasiliana nao KABLA ya kununua. Peleka picha, vipimo, na idadi ya abiria unayotaka. Mkaguzi akisema chombo hakina maboya ya ndani ya kutosha au kuta zake ni fupi mno kwa abiria, ni nafuu kusikia hayo boti ikiwa bado ya muuzaji. Na kwenye mkataba wa mauziano weka kifungu kwamba malipo ya mwisho yanafanyika baada ya ukaguzi. Muuzaji asiyekubali kifungu hicho amekwisha kukuambia kitu.

Mwisho ni leseni ya biashara ya halmashauri, inaombwa kwenye mfumo wa TAUSI. Na kwa kuwa unataja wageni wa Ruaha, kuna Sheria ya Utalii ya 2008: anayeuza safari kwa watalii anatakiwa kuwa na leseni ya wakala wa utalii, ile watu wanayoiita TALA, kutoka Wizara ya Maliasili na Utalii. Njia nyepesi kwa mwenye boti moja ni kuingia mkataba na kampuni ya utalii yenye leseni: wao wanauza safari, wewe unatoa chombo na nahodha. Utaratibu huo upate kwa maandishi kutoka wizarani, usitegemee maneno ya kampuni.

Kuhusu gati: usijenge. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa maji. Hata ingeruhusu, Mtera si ziwa, ni bwawa la umeme. Maji yakijaa yanafika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na kiwango cha chini cha kuendeshea mitambo ni mita 690. Tofauti hiyo ya mita 8.5, kwenye ufukwe tambarare kama ule, inasogeza ukingo mamia ya mita, sehemu nyingine zaidi ya kilomita. Gati la Mei litakuwa katikati ya malisho ya ng'ombe Novemba. Tumia tela.

---

FundiFaiba

Nakubaliana na Mzee hapo juu kuhusu kutolipa. Naongeza namna ya kuikagua hiyo boti iliyotumika.

Anza nyuma, kwenye ubao unaobeba injini. Ndani ya faiba kuna mbao au plaiwudi ya unene wa sentimita 4 hadi 5. Gonga kwa mpini wa nyundo kuanzia juu hadi chini. Sauti kavu na kali ni nzima. Sauti ya kufifia kama unagonga gunia ni mbao iliyooza. Maji huingilia kwenye matundu ya bolti za injini ambayo hayakuzibwa. Toa bolti moja ya chini: yakitoka maji ya kahawia, hiyo kazi ni ya kufungua nyuma yote, usidanganywe kwamba ni kupaka tu. Kisha simama ukitazama nyuma, mtu ainue mguu wa injini juu na chini. Ubao ukicheza hata kidogo, ondoka.

Pili, sakafu. Tembea kwa visigino. Inayobonyea ina mbavu zilizoachia.

Tatu, na hili ndilo linaloamua kama watu watakuwa hai, boti ikijaa maji inaelea au inazama? Faiba yenyewe inazama. Hesabu yake ni rahisi: bodi ya kilo 350 ikiwa chini ya maji inabaki na uzito wa theluthi moja hivi, kama kilo 115. Injini ya farasi 40 yenye kilo 70 na kitu inabaki kama kilo 50. Jumla 165; weka nusu juu yake kwa ajili ya betri, tenki na mizigo, unafika kilo 250. Lita moja ya foamu inainua karibu kilo moja. Hivyo unahitaji lita 250 hadi 300 za foamu isiyonyonya maji, iliyofungwa chini ya viti na kandokando juu ya mbavu. Usiiweke yote chini ya sakafu, maana foamu ikikaa chini na uzito ukiwa juu, boti iliyojaa maji inapinduka. Madumu matupu yaliyofungwa vizuri yanafanya kazi hiyo, ila yakague kila mwezi, panya wanayatoboa.

Idadi ya watu: zidisha urefu kwa upana kwa futi, gawa kwa 15. Futi 18 mara 6 ni 108, unapata 7. Lakini hiyo ni ya watu waliokaa. Wavuvi wa ndoano husimama, na samaki akishika wote wanakimbilia ubavu mmoja. Abiria wanne na wahudumu wawili ndiyo mwisho, hata mteja akisema mtoto ni mdogo. Kuta ziwe na sentimita 60 angalau kutoka sakafuni, ili mtu aliyesimama azuiwe juu ya goti.

Tela nayo ina ugonjwa wake. Umetoka Dodoma kilomita kama 120, vitovu vya magurudumu vimechemka, unavitumbukiza majini papo hapo: hewa ya ndani inasinyaa ghafla na kuvuta maji kupitia sili. Wiki tatu baadaye beringi zimeshika kutu na gurudumu linachomoka barabarani. Subiri dakika 20 kabla ya kushusha, na paka grisi mpya ya majini kila baada ya safari chache. Kwenye ufukwe wa tope jeusi beba mbao mbili za mita 2 za kuweka chini ya magurudumu ya gari, la sivyo mtavutwa na ng'ombe.

---

Mama Kisigo

Kaka, mimi nijibu la injini na la majini.

Farasi 15 kwa watu sita itakutembeza polepole, boti haitapanda juu ya maji. Faida yake ni mafuta: ikikazwa inakula lita 6 hadi 8 kwa saa. Farasi 40 ya stroki mbili ikikazwa inakula 15 hadi 20. Safari ya saa tano, saa moja na nusu tu ni ya mwendo, nyingine mmetia nanga: 15 itatumia kama lita 11, 40 itatumia kama lita 26. Watu wakiona hesabu hiyo wanakimbilia 15. Mimi nasema hapana kwa Mtera, kwa sababu ya upepo. Miezi ya Juni hadi Septemba asubuhi maji ni kioo, saa 5 upepo wa kusini-mashariki umeshaamka, na bwawa lenye zaidi ya kilomita za mraba 600 likijaa linatosha kabisa kuunda mawimbi mafupi yaliyosimama wima. Ukiwa umebeba watu na injini haina nguvu ya kukusukuma kwenda nyumbani, umekwisha. 25 au 30 ndiyo saizi ya chombo chako. Kaguzi nzito waachie TASAC, lakini kwenye kibao cha boti kuna kiwango cha juu cha farasi, usikivuke.

Hakikisha urefu wa mguu. Ubao wa nyuma wenye kimo cha inchi 15 unataka mguu mfupi, wa inchi 20 mguu mrefu. Ile sahani bapa iliyo juu ya propela iwe sawa na mkuku (uti wa chini ya boti) au inchi moja chini yake. Ikiwa juu zaidi, propela inanyonya hewa kwenye kona na injini inapiga kelele bila kusukuma.

Mafuta: injini mpya ya stroki mbili, masaa 10 ya kwanza weka 25 kwa 1, yaani mililita 800 za oili kwenye lita 20 za petroli. Baada ya hapo 50 kwa 1, mililita 400, isipokuwa kitabu cha injini yako kiseme vingine. Oili iwe ya injini za majini, iliyoandikwa TC-W3. Oili ya stroki mbili ya pikipiki ina chembe zinazoacha mkaa kwenye pistoni na plagi. Injini itawaka leo, itakataa kuwaka kesho katikati ya bwawa. Chuja petroli ya dumu, na weka kichujio cha kutenganisha maji kati ya tenki na injini. Kanuni ya tenki: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi haiguswi.

Sasa visiki. Bwawa lilijaa juu ya msitu na miti haikuondolewa yote. Maji yakiwa juu, visiki viko salama chini. Yakishuka mita mbili vinafika usawa wa propela bila kuonekana. Njia uliyopita Aprili si njia ya Oktoba. Tengeneza njia yako kwa GPS kila maji yanaposhuka, ipite polepole na mtu omoni mwenye mti mrefu wa kupimia, na uifuate hiyo hiyo kwenda na kurudi. Beba propela ya akiba, pini zake na spana yake. Kubadilisha ni dakika kumi kama spana ipo.

Wanyama: viboko na mamba wapo. Alfajiri viboko wanarudi majini kutoka malishoni, usikae kati yao na kina kirefu, na usipite kwenye mifereji ya majani. Kaa mita 100, zima muziki. Hakuna kutumbua samaki pembeni ya boti, hakuna kuning'iniza miguu, hakuna kuogelea. Waambie wateja hayo nchi kavu kabla ya kupanda. Na usilete boti karibu na tuta na milango ya maji.

Vifaa: jaketi okozi la nguvu ya newtoni 100 kwa kila mtu, livaliwe, lisikaliwe kama mto, za watoto ziwe za watoto. Boya la duara na kamba ya mita 30, nanga ya kilo 8 na kamba ya mita 40, makasia mawili, ndoo mbili za kutolea maji, kizima moto cha unga, filimbi, tochi, sanduku la huduma ya kwanza, simu mbili za mitandao tofauti ndani ya mfuko usiopitisha maji. Mtu wa nchi kavu awe na orodha ya majina na saa ya kurudi, na ajue ampigie nani saa hiyo ikipita.

---

Chigongwe1

Asanteni sana, nimesimamisha malipo. Mama Kisigo, nahodha nimpate wapi? Vijana wa mwaloni wanajua bwawa kuliko mtu yeyote. Na zana za kuvulia ninunue za aina gani kuanzia?

---

Mama Kisigo

Mchukue kijana wa mwaloni, umlipie mafunzo. Kujua bwawa hakufundishwi darasani, lakini kuokoa aliyezama na kusoma ramani kunafundishwa. FETA wana vyuo vya uvuvi, Mbegani na Nyegezi ni miongoni mwake. DMI ya Dar es Salaam ndiyo chuo cha ubaharia. Waulize TASAC ni cheti gani wanakitambua kwa boti ya saizi yako, kisha umpeleke kwenye kozi hiyo hiyo. Na mkataba wake useme wazi kwamba uamuzi wa kutotoka au kurudi mapema ni wa nahodha, mwenye boti na mteja hawana kauli. Bila mstari huo, atatoka na upepo kwa kuogopa kukosa posho.

Zana: anza na fimbo sita, nne kazini na mbili akiba. Perege anataka nailoni ya milimita 0.25 hadi 0.30, ndoano ndogo namba 6 au 8, chambo minyoo au tonge la unga lililokandwa likashika. Kambale anataka nailoni ya 0.45 hadi 0.50, ndoano namba 3/0 hadi 5/0, maini au vipande vya samaki, risasi chini kabisa. Waya wa chuma hauhitajiki, meno ya kambale ni kama brashi. Nunua risasi na ndoano nyingi kuliko unavyodhani, visiki vitachukua nusu.

Msaidizi wako asipande na kipande cha nyavu "ya kujipatia mboga". Ikikutwa timba au kokoro, nyavu zilizokatazwa, inayokamatwa ni boti yako.

---

Daftari la Biashara

Nyongeza fupi ya pesa. Injini za kupachika zimo kwenye zana za uvuvi zilizosamehewa VAT katika Sheria ya VAT ya 2014. Soma ankara ya muuzaji kabla ya kulipa, na dai risiti ya EFD, maana utaihitaji kwenye usajili na kwenye bima.

Bima chukua mbili: ya chombo chenyewe na ya dhima kwa abiria. Soma sehemu ya vighairi. Zipo sera zinazofuta fidia kama cheti cha ukaguzi kimeisha au watu wamezidi idadi iliyoandikwa kwenye cheti, hata kama ajali haikutokana na hayo.

Bei ya safari isihesabiwe kwa mafuta peke yake. Gawa bei ya injini kwa saa 1,500 za kazi, hiyo ndiyo akiba ya kila saa inayowaka. Ongeza posho za watu wawili, chambo, leseni za wateja, tela na gari. Kisha weka safari ambazo upepo utazifuta, maana malipo yatarudishwa au tarehe itasogezwa. Chukua nusu mapema, na masharti ya upepo yaandikwe kwenye risiti hiyo hiyo.

---

FundiFaiba

Kitu kimoja nilisahau na kinahusu boti za ndoano hasa. Nailoni iliyokatika inajizungusha nyuma ya propela, inaingia kwenye sili ya shafti na kuikata kama wembe. Maji yanaingia kwenye giaboksi, huoni kitu kwa wiki kadhaa, kisha gia zinasagika. Kila baada ya safari mbili tatu toa propela, angalia shafti, safisha, paka grisi. Oili ya gia badilisha kila masaa 100. Ikitoka nyeupe kama maziwa, sili imekwisha, usiwashe tena mpaka ibadilishwe.

Na impela ya pampu ya maji: maji ya Mtera yana mchanga laini wa mto, yanaisaga. Injini ikiwaka lazima uone mchirizi wa maji ukitoka nyuma kwa nguvu. Ukidhoofika, zima, zibua tundu kwa waya laini. Kama bado, impela imeisha. Ibadilishe kila mwaka hata ikionekana nzima, na moja ya akiba ikae kwenye sanduku la spana ndani ya boti.